Kumjua Mlipaji: Somo la Hesabu za Bima

Wasomaji wa gazeti letu wamezoea kuona katika ukurasa huu somo la hesabu za riba, au za kupima mashamba, au za mwendo wa gari la moshi. Muhula huu nataka tuangalie hesabu ya namna nyingine, ambayo wazazi wengi wamekwisha kuikuta dirishani hospitalini bila ya kujua kuwa ni hesabu. Nayo ni hii. Mgonjwa mwenye bima akiisha kutibiwa, kituo kilichomtibu chaandika madai na kuyapeleka kwa mlipaji, yaani mfuko au kampuni ya bima. Walipaji ni wengi, na kila mmoja ana kanuni zake. Siku hizi kazi ya kulinganisha kila mlipaji na kanuni zake haifanywi na karani peke yake kwa kalamu. Yafanywa na programu ya kompyuta. Programu ikipotea njia, dawa alizokwisha kumeza mgonjwa hazilipwi, na kabati la zahanati labaki tupu kwa mgonjwa wa mwezi ujao.

Nilipoyaeleza haya darasani, kijana mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza, "Mwalimu, kwa nini wasiweke kanuni moja tu kwa walipaji wote?" Swali hilo laulizwa na watu wazima pia, wala halina jibu la neno moja. Nilimwambia afikiri kwanza juu ya mji huu anaokaa.

Tabora ilikua kwa ajili ya njia. Zamani za misafara, katika karne ya 19, mizigo ilitoka Bagamoyo mabegani mwa wapagazi, ikapita Usagara na Ugogo, ikavuka pori la Mgunda Mkali, ikaingia Unyamwezi mpaka hapa Unyanyembe. Hapa njia ziligawanyika: moja ilikwenda magharibi hata Ujiji, nyingine kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Katika nchi nyingi za njiani mtawala alitoza hongo kabla msafara haujaruhusiwa kupita au kuteka maji. Fedha za sarafu hazikufaa huko. Watu walihesabu kwa vitambaa, ushanga na waya wa shaba. Kitambaa kilipimwa kwa mikono: mikono 4 ni shuka moja, na shuka 2 ni doti moja. Ushanga ulitungwa kwa kete, na kete 10 zilifanya fundo moja. Hesabu hiyo si ngumu. Mtoto wa darasa la nne aiweza. Ugumu ulikuwa mahali pengine.

H. M. Stanley, aliyefika Kwihara karibu na mji wetu mwezi wa Juni 1871 akimtafuta Dr. Livingstone, alieleza katika kitabu chake jinsi alivyohangaika Unguja kabla ya safari. Alinunua magunia 22 ya ushanga, lakini kwanza ilimbidi aulize sana nani apenda nini. Maana ushanga mwekundu ulioitwa samesame ulipokewa vizuri Unyamwezi, na namna nyingine zikakataliwa. Ule mweusi, bubu, ulikuwa fedha halali Ugogo, lakini kwingineko haukuwa na thamani. Ule mkubwa kama yai dogo, sungomaji, ulitakiwa Ujiji. Mweupe ulifaa Ufipa na sehemu za Ugogo, lakini Uzigua na Ukonongo waliudharau. Mtu aliyefika Unyamwezi na magunia ya bubu alikuwa tajiri asiyeweza kununua chakula cha jioni.

Kwa hiyo kirangozi mwenye akili hakukimbilia kufungua mzigo. Kwanza aliuliza: tumeingia nchi ya nani? Akiisha kulijua hilo, ndipo alipojua afungue mzigo upi na ahesabu doti ngapi. Katika bima mambo yamegeuka kidogo. Zamani mwenye kulipa ndiye aliyefuata matakwa ya mpokeaji. Siku hizi anayetaka kulipwa ndiye afuataye kanuni za mlipaji. Hata hivyo swali la kwanza ni lile lile. Na sababu ya kuwa na kanuni nyingi ni ile ile pia: kila mlipaji alianza kwa wakati wake, kwa sheria yake, kwa watu wake, na kwa mfuko wenye kina chake.

Mkoa wetu una sehemu yake katika habari hii, na vijana wa Igunga wajue. Kuanzia mwaka 1993 wagonjwa katika hospitali za serikali walianza kuchangia gharama za matibabu. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii, unaojulikana kwa herufi CHF, ulijaribiwa kwa mara ya kwanza nchini, na mahali palipochaguliwa ni Igunga. Kaya ilichanga shilingi 5,000 kwa mwaka, na serikali ikaongeza kiasi kile kile juu yake. Utaratibu huo uliitwa Tele kwa Tele. Sheria ya mfuko huo ilikuja mwaka 2001. Katika mwaka huo huo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ulianza kazi kwa watumishi wa serikali, kwa mchango wa asilimia 6 ya mshahara: nusu mtumishi, nusu mwajiri. Mwaka 2015 ulianza kazi Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao hushughulika na walioumia au kuugua kwa sababu ya kazi. Mwaka 2018 CHF ilianza kuboreshwa, kaya ya watu wasiozidi 6 ikachanga shilingi 30,000 kwa mwaka, na mwanachama akaweza kutibiwa hata hospitali ya mkoa. Kampuni za binafsi nazo zipo. Tena mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kila jambo katika haya lilileta kanuni mpya, wala mara nyingi halikufuta papo hapo zile za zamani.

Sasa mchukueni mtu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi. Akishikwa na homa ya malaria, madai yake huenda NHIF. Akiangukiwa na dari ya darasa akiwa kazini, akavunjika mkono, hiyo ni habari ya Mfuko wa Fidia. Mtu ni yule yule, kadi mfukoni ni ile ile, daktari ni yule yule, lakini mlipaji amebadilika. Jirani yake mkulima aweza kuja na mtoto wa chini ya miaka 5, ambaye kwa sera ya serikali ana msamaha. Hapo mlipaji wa bima hayupo kabisa. Nimeona programu iliyomlazimisha karani kuchagua mlipaji hata kwa mtoto wa namna hiyo. Karani, kwa kuwa foleni ni ndefu, huchagua jina la juu kabisa katika orodha. Basi madai ya mtoto asiye na bima huenda kwa mfuko usiomjua, yakarudi, yakajaza sanduku. "Hana mlipaji" nalo ni jibu, na lazima liwe na mahali pake katika jedwali.

Kuhusu sanduku hilo nina maneno zaidi. Katika likizo moja niliombwa na kituo kimoja cha afya, nisichopenda kukitaja, niende kuwasaidia kupanga hesabu zao. Karani wa madai alikuwa mama mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Mwangaluka, Mwalimu," alisema. "Karibu uone mlima wetu."

Alinionyesha fomu zilizorudishwa, zimefungwa mafungu kwa kamba ya katani, zimefika karibu na dirisha.

"Shikamoo, mama. Haya yote yamekataliwa?"

"Yamekataliwa, baba. Mengine si kwamba mgonjwa hakutibiwa. Ni kwamba tumempelekea mwenye nyumba ya pili barua ya mwenye nyumba ya kwanza."

Nilikaa naye siku 3 tukiyachambua. Sababu moja ilijitokeza tena na tena. Programu yao ilimtafuta mlipaji kwa kusoma jina lililoandikwa na karani wa mapokezi. Huyu ameandika "NHIF", yule "N.H.I.F.", mwingine "Bima ya Taifa", mwingine "bima" tu. Programu ilikuwa imefundishwa ikiona jina isilolijua ichukue kanuni za kawaida, yaani kanuni za mlipaji aliye na wagonjwa wengi. Kwa hiyo kila aliyeandikwa vibaya alipimwa kwa kipimo cha mwingine. Mwenye CHF alijaziwa dawa kwa bei isiyo yake; mfanyakazi wa kampuni, ambaye mlipaji wake alitaka kibali kabla ya kipimo kikubwa, alipimwa bila kibali. Hayo yote kompyuta iliyapokea kimya. Fomu zilionekana safi, zimepigwa chapa vizuri, wala haikujulikana kuwa zina kasoro mpaka ziliporudi baada ya wiki nyingi.

Jina ni kitu kizuri kwa kuitana, lakini si kitu cha kumtambulishia mlipaji. Katika shule yetu wapo akina Juma wangapi? Ndiyo maana rejista ina namba. Mfano mkubwa zaidi ni huu: kwa miaka mingi herufi NHIF zilikuwa jina la mfuko wa Tanzania, na zile zile zilikuwa jina la mfuko wa Kenya, ulioanzishwa mwaka 1966. Mwezi wa Oktoba 2024 ule wa Kenya uliondoka, mahali pake pakachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Programu inayotafuta kwa herufi peke yake itamtibu dereva wa lori aliyetoka Mombasa na mwalimu wa Urambo kama watu wa mfuko mmoja. Kule Marekani, ambako kampuni za bima ni nyingi mno, madai yanayopita kwa kompyuta hubeba namba ya mlipaji. Lakini hata huko shida haikwisha, kwa sababu mlipaji mmoja aweza kuwa na namba tofauti kwa kila wakala apitishaye madai. Basi yafaa kila kituo kiwe na orodha yake moja: namba moja kwa kila mlipaji, na kando yake majina yote ambayo watu humwita. Majina yaongoze kwenye namba, na namba iongoze kwenye kanuni. Jina lisiongoze kwenye kanuni moja kwa moja.

Nilimwuliza yule mama yeye mwenyewe alijuaje fomu ipi yamfaa nani. Akafungua mtoto wa meza, akatoa daftari la mistari, lile la kurasa 200. Ndani aliandika kwa mkono wake, kwa miaka, kila kanuni aliyojifunza kwa fomu kurudishwa: huyu ataka sahihi ya mgonjwa, huyu hakubali dawa hii isipokuwa ya jina la asili, huyu ataka barua ya rufaa. Kando ya kila kanuni aliandika tarehe aliyoipata. Programu iliyonunuliwa kwa fedha nyingi ilijua kidogo kuliko daftari lile. Nasema wazi kuwa sikufanya la ajabu pale. Tulichofanya ni kuligeuza daftari lake kuwa jedwali ambalo kompyuta yaweza kulisoma.

Hapa ndipo somo lenyewe lilipo, na wanafunzi wachukue kalamu.

Watunga programu wengi huandika kanuni ndani ya programu yenyewe: "Ikiwa mlipaji ni fulani, fanya hivi; kama sivyo, fanya vile." Kwa walipaji 2 hapana neno. Kwa walipaji 10, kila mmoja akiwa na mipango mitatu, sentensi hizo zajaa kila mahali, na kanuni ikibadilika ni lazima aitwe fundi kutoka Dar es Salaam. Njia bora ni kuziweka kanuni katika jedwali, nje ya programu. Programu yabaki na kazi moja tu, kutafuta mstari unaofaa. Kanuni ikibadilika, karani abadilisha mstari, wala fundi hahitajiki.

Natoa mfano wa darasani, wenye mlipaji wa kubuni aitwaye Namba 7, na swali moja tu: je, barua ya rufaa yahitajika? Jedwali lina safu tatu za kutafutia, yaani mlipaji, mpango na huduma, na safu ya nne ya jibu. Safu ikiachwa tupu, maana yake "wowote" au "yoyote".

Mstari A: mlipaji 7; mpango (tupu); huduma (tupu); jibu: barua haihitajiki.
Mstari B: mlipaji 7, mpango wa fedha, huduma (tupu), jibu: barua yahitajika.
Mstari C: mlipaji 7, mpango (tupu), huduma ya dharura, jibu: cheti cha daktari badala ya barua.

Mgonjwa wa mlipaji 7, mpango wa dhahabu, amekuja kung'olewa jino. Mstari B haumhusu, C haumhusu, A wamfaa. Barua haihitajiki. Mgonjwa wa pili ni wa mpango wa fedha, naye amekuja kwa jino. A na B zote zamhusu, lakini B ina safu mbili zilizojazwa, A ina moja. Kanuni iliyo mahsusi zaidi yashinda ile ya jumla. Barua yahitajika.

Sasa mgonjwa wa tatu ni wa mpango wa fedha, ameletwa usiku ameumwa na nyoka, na hiyo ni dharura. A, B na C zote zamhusu. A yashindwa. Lakini B na C zina safu mbili mbili. Nani ashinde? Nililipa darasa la kidato cha nne dakika 10 walijadili, wakagawanyika nusu kwa nusu. Wengine walisema mstari ulioandikwa kwanza ushinde, wengine ule wa mwisho. Majibu yote mawili ni ya hatari, kwa kuwa mtu akipanga upya mistari kwa herufi, sheria ya bima nayo imebadilika bila mtu kujua! Jibu la kweli ni kwamba jedwali lina upungufu. Lazima mlipaji aulizwe, na jibu lake liandikwe kuwa mstari D: mlipaji 7, mpango wa fedha, huduma ya dharura. Mstari huo una safu tatu, utashinda. Na programu nzuri hugundua upungufu huo siku jedwali linapoandikwa, mchana, karani akiwa na chai yake, wala si saa nane za usiku mgonjwa akiwa machelani.

Angalieni pia kwamba nimesema swali moja tu. Ni fomu gani itumike, ni bei gani, ni siku ngapi za kupeleka madai: hayo ni maswali mengine, na kila moja liwe na mistari yake. Wakichanganya maswali yote katika mstari mmoja, mlipaji akibadilisha bei watagusa na barua ya rufaa.

Iko safu nyingine niliyoiacha kwa makusudi, nayo huangusha wengi: tarehe. Kila mstari lazima useme "tangu lini" na "hata lini". NHIF ilikusudia kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma na dawa pamoja na bei zake, kianze tarehe 1 Januari 2024. Kikaahirishwa. Kisha kikaanza tarehe 1 Machi 2024, kukiwa na ubishi, na baadhi ya hospitali za binafsi zikasimamisha huduma kwa wanachama wa mfuko huo kwa muda kwa kutokubali bei. Mwaka 2024 ulikuwa mrefu, Februari ilikuwa na siku 29. Basi mgonjwa aliyetibiwa tarehe 29 Februari na mwenzake aliyetibiwa kesho yake wana mlipaji mmoja, ugonjwa mmoja, dawa moja, na bei mbili. Karani aweza kuyaingiza madai yao yote mawili tarehe 10 Machi, kwa sababu umeme ulikatika. Programu itazame tarehe ipi? Tarehe ya matibabu, sio ya kuingiza madai. Na yule aliyefuta bei za zamani alipoweka mpya hataweza kamwe kumdai mlipaji haki ya tarehe 29. Mstari wa zamani haufutwi. Hufungwa kwa tarehe. Yule mama wa daftari alilijua hilo bila kufundishwa: kanuni iliyokwisha aliikata kwa mstari mmoja mwembamba, akaiacha isomeke.

Mambo haya si ya kubuni darasani tu. Kule Dodoma, katika nchi ile ile ya Ugogo ambako misafara ilihesabu doti, kuanzia mwaka 2012 ilitengenezwa programu ya kuendesha CHF kwa msaada wa Uswisi, ikaitwa IMIS. Baadaye ilifanywa kuwa openIMIS, ambayo mtu yeyote aweza kuisoma ilivyoandikwa na kuitumia, nayo imefika hata Nepal na Kameruni. Napenda vijana wetu waitazame, kwa sababu mbili. Kwanza, kila dawa au huduma katika dai hulinganishwa na orodha mbili: orodha ya bei ya kituo, na orodha ya mafao ya bima aliyonayo mgonjwa. Iliyomo katika moja na kukosekana katika nyingine hukataliwa. Pili, haisemi "limekataliwa" tu ikanyamaza. Hutoa sababu: namba ya mwanachama si halali, au huduma hii si ya watoto, au imerudiwa, au bima ilikuwa imekwisha siku ile. Dai lililokataliwa kwa sababu inayosomeka laweza kusahihishwa. Lililokataliwa kimya huenda sandukuni.

Limebaki jambo moja ambalo juu yake nina neno kali kidogo. Programu ifanye nini isipompata mlipaji, au isipopata mstari? Wauzaji wengi hupenda programu isiyosimama, kwa hiyo huiambia ikisie. Mimi nasema isimame. Dai hilo liwekwe kando, katika fungu la kutazamwa na mtu, na jina lisilojulikana lionyeshwe asubuhi kwa karani, ili aliongeze katika orodha ya majina au apige simu kwa mlipaji. Fungu hilo likiwa na madai 6 kila siku, ni kazi ya saa moja. Yakiachwa yaende kwa kukisia, yatarudi 6 kila siku, na mpaka yarudi ni mwezi umepita. Tuseme kituo chadai shilingi 4,000,000 kwa mwezi, na dai moja katika kila 10 larudi. Hizo ni shilingi 400,000, ambazo kwa zahanati ya kijijini ni dawa za malaria, glavu na mshahara wa mlinzi.

Lakini kinachosimama ni karatasi. Mgonjwa asisimame. Nimesikia dirishani mtu akiambiwa, "Mfumo umekataa," naye mtoto yuko mgongoni anahema. Mfumo hauna ruhusa ya kukataa mtoto. Una ruhusa ya kusema kuwa haujui nani atalipa. Maneno hayo mawili ni mbalimbali, na mtunga programu ndiye achaguaye lipi liandikwe kiooni. Aandike: "Mhudumie mgonjwa, mlipaji atatafutwa."

Maswali ya kujaribu

1. Mlipaji 7 ametangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Julai wagonjwa wote wa mpango wa dhahabu watahitaji barua ya rufaa, isipokuwa kwa huduma za meno. Andika mistari mipya, kila mmoja na tarehe yake. Ni mstari upi wa zamani utafungwa, au hakuna? Je, kuna mistari miwili inayolingana nguvu?

2. Mgonjwa alilazwa tarehe 27 Februari 2024 akatoka tarehe 3 Machi. Taja njia mbili za kuhesabu bei ya kitanda chake, kisha ueleze ni nani mwenye mamlaka ya kuchagua kati yake, na kwa nini si programu.

3. Msafara watoka Ugogo kuja Unyamwezi na mafundo 60 ya bubu na mafundo 40 ya samesame. Hongo iliyobaki Ugogo ni mafundo 25 ya bubu. Chakula Unyamwezi kwa siku ni kete 20 za samesame. Msafara utakula siku ngapi? Bubu iliyobaki itawafaa nini?

4. Waulize wazazi wako nyumbani ni majina mangapi ambayo watu wa mtaa wenu huita bima moja ile ile. Yaandike yote kama yatamkwavyo, hata ya utani.

Majibu ya swali la 4 yaletwe kwangu katika chumba cha hesabu, yameandikwa kwa wino. Yule mama wa daftari ameniomba nimpelekee.